Baiskeli Zilizoshindana na Upepo

Ukisafiri katika nchi ya Abagusii, ukashuka kutoka Keroka hadi mji wa Kisii, au ukapanda kutoka Kisii kuelekea Nyamira, hutakosa kutambua, msomaji, ya kuwa nchi hii haikuumbwa kwa ajili ya baiskeli. Barabara hupanda, huzunguka kilima, hushuka bondeni mpaka darajani, kisha hupanda tena. Hata hivyo baiskeli ilifika, ikapokewa, ikapewa kazi. Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, yenye kerieri ya chuma na madigadi mapana. Wakenya waliiita Black Mamba, yaani koboko, ingawa mwendo wake haukufanana hata kidogo na mbio za nyoka huyo. Mwalimu aliipanda kwenda shuleni, na karani kwenda ofisini. Mchuuzi aliipakia mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, au mawe laini ya Tabaka, naye akatembea kando yake akiisukuma kwa mikono miwili.

Kwa sababu hiyo, ukimwuliza mzee wa Gusii adui wa mpanda baiskeli ni nani, hatakawia kukujibu ya kuwa ni mlima na mzigo. Naye amesema kweli. Mtu apandaye mlima huenda polepole, na anachoshindana nacho ni uzito wake mwenyewe, uzito wa chombo na uzito wa alichokipakia. Lakini yuko adui wa pili, ambaye hujificha mlimani na kujitokeza katika tambarare na katika mteremko. Adui huyo ni upepo. Wala simaanishi upepo uvumao kutoka Ziwa Viktoria tu. Namaanisha upepo auzaao mpandaji mwenyewe kwa kwenda kwake. Siku isiyo na upepo hata kidogo, anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupigwa usoni na upepo wa kilomita 40 kwa saa.

Panda siku moja juu ya ukingo wa Manga, wakati upepo unapopanda kutoka bondeni, ukashike daftari lako mkononi. Ukiligeuza ubapa wake uelekee upepo, litakusukuma mkono. Ukiligeuza ukingo wake uelekee upepo, utakuwa kama hukushika kitu. Daftari ni lile lile na uzito wake ni ule ule. Kilichobadilika ni umbo linaloukabili upepo. Katika jambo hilo dogo imo habari yote nitakayokusimulia.

Yataka pia uijue hesabu moja. Mwendo ukizidishwa mara 2, nguvu ya upepo inayomzuia mpandaji huzidi mara 4, na jasho linalotakiwa kuishinda, kwa kila dakika, huzidi mara 8. Ndiyo sababu mtu aendaye polepole hausikii upepo, na mtu aendaye mbio huhisi kama amefungwa kamba kiunoni. Katika mashindano ya tambarare, sehemu kubwa mno ya nguvu za mpandaji, zaidi ya robo tatu, hutumika kupasua hewa tu.

Watu wa Ulaya na Marekani waliligundua jambo hili mapema. Tarehe 30 Juni 1899, Mmarekani Charles Murphy aliendesha baiskeli nyuma ya gari la moshi katika Long Island, juu ya mbao zilizopangwa katikati ya reli. Behewa la mwisho lilikuwa limejengewa kibanda cha kumkinga upepo. Akamaliza maili moja kwa sekunde 57.8. Miguu ilikuwa ile ile iliyompeleka kila siku, lakini siku ile hakuwa na upepo wa kupasua.

Haiwezekani, bila shaka, kila mpandaji awe na gari la moshi mbele yake. Basi mafundi wakajiuliza: je, kinga hiyo haiwezi kuwekwa juu ya baiskeli yenyewe? Mfaransa Étienne Bunau-Varilla alitengeneza ganda lenye umbo la samaki, butu mbele na jembamba nyuma, likamfunika mpandaji na chombo chake. Mwaka 1913 bingwa Marcel Berthet aliingia ndani ya ganda hilo akavunja rekodi mjini Paris. Wenye kulitazama walicheka umbo lake, lakini saa haikucheka. Shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, ambalo hujulikana kwa herufi zake UCI, lilikuwa limeundwa mwaka 1900, nalo halikuchelewa kutoa hukumu. Mwaka 1914 likakataza katika mashindano kila kifaa kilichofungwa kwenye baiskeli kwa ajili ya kupunguza upepo.

Hukumu hiyo haikumaliza shauri. Charles Mochet, Mfaransa mwingine, aliisoma kanuni kwa makini kama wakili. Kanuni ilikataza maganda; haikusema mpandaji aketi vipi. Basi akaunda baiskeli ndefu, ya chini, ambayo mpandaji wake hulala chali kama mtu kitini, miguu imenyooka mbele. Mtu aliyelala hivyo huukabili upepo kwa eneo dogo kuliko mtu aliyeketi wima. Tarehe 7 Julai 1933 Francis Faure, mpandaji ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa, aliendesha chombo hicho kwa saa nzima katika kiwanja cha Paris akatimiza kilomita 45.055. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa ya Mswisi Oscar Egg, kilomita 44.247, nayo ilikuwa imesimama tangu mwaka 1914. Mabingwa wote wa miaka 19 walikuwa wameshindwa kuiondoa, na sasa imeondolewa na mtu aliyelala.

Msomaji, tua hapa kidogo ufikiri ungehukumu nini kama ungekuwa mjumbe wa baraza lile. Upande mmoja ulisema: ni baiskeli, ina magurudumu 2 na mnyororo, haina injini, na kinachoisukuma ni miguu ya mtu. Upande wa pili ulisema: tukikubali chombo hiki, tumeacha kupima watu, tumeanza kupima mafundi. Mwaka 1934 baraza likaamua pamoja na upande wa pili. Likaandika vipimo vya baiskeli ya mashindano, hata kiti kisiwe mbali mno na pedali, na chombo cha Mochet kikawekwa nje ya mlango. Maoni yangu ni kwamba hoja zote mbili zilikuwa na uzito, ila baraza lilikosa jambo moja: lilidhani ya kuwa limeyatenga mambo yote yasiyotoka katika miguu ya mwanadamu. Utaona sasa kwamba halikuyatenga.

Kuanzia hapo, kwa miaka zaidi ya 30, watu wa mbio za baiskeli walishughulika zaidi na wepesi wa chuma, na upepo ukasahauliwa kidogo. Kisha ikaja michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 katika mji wa Mexico, nayo yatuhusu sisi wa Kisii na Nyamira kuliko unavyodhani.

Mji wa Mexico uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240 hivi. Katika kimo hicho hewa ni nyembamba. Uzito wake kwa kila kipimo umepungua kama sehemu moja ya tano kuliko hewa ya pwani. Hewa nyembamba ina mambo mawili. Kwanza, kila pumzi huleta oksijeni kidogo, kwa hiyo mwili huchoka upesi. Pili, ni rahisi kuipasua. Mkimbiaji wa mbio ndefu huumizwa na jambo la kwanza, wala halipati faida kubwa jambo la pili, kwa kuwa mwendo wake ni mdogo. Mpanda baiskeli naye huumizwa na la kwanza, lakini faida ya la pili humlipa deni lote na kumbakizia.

Tarehe 10 Oktoba 1968, siku 2 kabla ya michezo kufunguliwa, Mdenmark Ole Ritter alifanya jaribio la saa moja katika kiwanja cha baiskeli cha mji huo. Akapata kilomita 48.653. Rekodi aliyoivunja ilikuwa imewekwa mwaka mmoja kabla yake na Mbelgiji Ferdinand Bracke mjini Rome, kilomita 48.093. Hewa ya Mexico ilimchukua Ritter kwa mikono yake.

Siku 3 baadaye, tarehe 13 Oktoba, katika mji ule ule na katika hewa ile ile, askari wa Kenya aliyezaliwa Mugirango Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Nyamira, alisimama kwenye mstari wa mbio za mita 10,000. Huyu ndiye Naftali Temu. Katika mzunguko wa mwisho alibaki yeye na Mwethiopia Mamo Wolde, wakafuatana bega kwa bega, kisha Temu akampita na kumaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Hiyo ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Kenya katika Olimpiki. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya dakika 27 na sekunde 39.4, alifika wa 6, akaanguka na kupoteza fahamu, akapewa oksijeni kando ya njia.

Ilinganishe saa ya Temu na rekodi ya Clarke. Zinatofautiana kwa dakika 1 na sekunde 48. Hewa iliyompa Ritter zaidi ya nusu kilomita ndiyo iliyowatoza wakimbiaji karibu dakika 2. Na ukitaka kujua kwa nini, rudi kwenye ile hesabu. Temu alikwenda kwa mwendo wa kilomita 20.4 kwa saa. Ritter alikwenda kilomita 48.6. Mwendo wa Ritter ni zaidi ya mara 2, na upepo uliomkabili, kwa mwili wa ukubwa mmoja, ni zaidi ya mara 5.

Baada ya michezo ile maneno mengi yalisemwa katika nchi za Ulaya na Australia. Ilinenwa ya kuwa watu wa nyanda za juu walipendelewa, kwa maana wamezaliwa katika hewa nyembamba na miili yao imeizoea. Sikatai kabisa. Mji wa Kisii uko katika kimo cha mita 1,700 hivi, na vilima vya Nyamira ni juu zaidi. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu katika milima hiyo hujenga kifua ambacho mtoto wa pwani hatakijenga kwa njia hiyo. Lakini wenye kusema hivyo walisahau ya kuwa mwaka 1966, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika, Temu alimshinda Clarke yule yule katika mbio za maili 6. Na Kingston ni mji wa bandari. Kule hewa ilikuwa nzito ya bahari, wala hapakuwa na kilima cha kulaumiwa.

Jambo linalonishangaza mimi, mwalimu wa historia, ni hili: sikuti kelele kama hizo juu ya baiskeli. Mbelgiji Eddy Merckx, ambaye wengi humhesabu kuwa mpandaji bora wa zama zote, alipoamua kuitafuta rekodi ya saa moja, hakwenda kwenye kiwanja cha kwao. Alifunga safari mpaka Mexico. Fundi Ernesto Colnago alimwundia baiskeli yenye uzito usiofika kilo 6, vyuma vyake vimetobolewa matundu ili viwe vyepesi, hata mnyororo. Tarehe 25 Oktoba 1972 Merckx akatimiza kilomita 49.431. Matundu yale, tukisema kweli, yalimfaa kidogo sana, kwa sababu katika duara tambarare, mwendo ukiisha kushika, uzito si kitu kikubwa. Kilichomfaa ni miguu yake na hewa ya Mexico. Magazeti yalisifu yote mawili kwa pamoja, na safari yake ikahesabiwa kuwa busara.

Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 11. Katika muda huo upepo ukarudi akilini mwa mafundi kwa nguvu ambayo haikuonekana tangu siku za Mochet, na hapa ndipo vilipotokea vile vifaa vya ajabu ambavyo leo watu huviweka makabatini kama vito. Mwaka 1980 kampuni ya Shimano ya Ujapani ilitoa vifaa vyake vilivyoitwa AX. Kila kitu katika baiskeli kilichongwa upya kana kwamba baiskeli ni ndege: breki zimelazwa zisijitokeze, pedali zimeshushwa chini ya ekseli yake, hata chupa ya maji imebanwa ikawa bapa. Watu wa Italia hawakutaka kuachwa nyuma. Katikati ya miaka hiyo kampuni ya Campagnolo ilitengeneza breki iliyofichwa ndani ya kifuniko cha pembe tatu, laini, king'aacho kama kioo. Ilikuwa nzuri mno kwa macho. Kuhusu kusimamisha baiskeli, waliyoitumia hawakuisifu sana, na mtu ashukaye kutoka Keroka na mkungu wa ndizi nyuma yake angekuwa na haki ya kuuliza breki nzuri isiyosimamisha ni ya nini.

Ukweli ni kwamba vingi vya vifaa hivyo vilikosea mahali pa kupigania vita. Breki ni kitu kidogo. Kinachoukabili upepo zaidi ni mwili wa mpandaji, kifua chake, mabega yake na kichwa chake. Baada ya mwili huja magurudumu, kwa sababu spoki zake hukata hewa mfululizo kama mwiko uvurugao uji. Mwitaliano Francesco Moser alilijua hilo. Mwezi wa Januari mwaka 1984 alikwenda, naam, Mexico, na baiskeli ambayo magurudumu yake hayakuwa na spoki za kuonekana. Yalikuwa bapa kama sahani mbili zilizobandikwa. Alivaa nguo iliyombana mwili mzima. Tarehe 19 alipata kilomita 50.808, na tarehe 23 akapata kilomita 51.151. Mochet alifukuzwa kwa kumlaza mtu. Moser aliruhusiwa kufunika magurudumu, kwa kuwa baraza lilikubali ya kuwa sahani ile ni gurudumu, si kifuniko cha gurudumu. Wanasheria wenyewe wangeona haya kwa hoja nyembamba kama hiyo.

Mwaka 1989 ukadhihirisha thamani ya mkao. Siku ya mwisho ya mbio kubwa za Ufaransa, tarehe 23 Julai, ilikuwa ya kila mtu kukimbia peke yake kutoka Versailles hadi Paris, kilomita 24.5. Mfaransa Laurent Fignon alikuwa mbele ya Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. LeMond alikuwa amefunga vyuma viwili vilivyochomoza mbele ya usukani wake. Alivishika huku viwiko vyake vimekaribiana, kichwa kimeinama chini ya kofia ngumu yenye mkia. Fignon hakuwa na vyuma hivyo, wala hakuvaa kofia, na nywele zake ndefu alizozifunga nyuma zilipepea upeponi njia nzima. Walipofika Paris, LeMond alikuwa amezifuta zile sekunde 50 na kuzidisha 8. Mbio za majuma 3, zaidi ya kilomita 3,000, zikaamuliwa kwa sekunde 8.

Lakini katika mambo haya yote hakuna linalonipendeza kama habari ya Graeme Obree wa Uskochi. Huyu hakuwa na kampuni nyuma yake wala fedha mfukoni. Duka lake la baiskeli lilikuwa limefilisika. Alijifikiria mwenyewe kwamba, ikiwa mikono ndiyo izuiayo upepo, basi mikono ifichwe. Akaunda baiskeli kwa mikono yake, ambayo humlazimu mpandaji kuinama mbele mpaka kifua kilale juu ya viganja, na mikono iliyokunjwa ibanwe ubavuni kama mbawa za kuku aliyelala. Aliliondoa bomba la juu la fremu ili magoti yake yapite karibu karibu. Alipohitaji beringi za kuzungushia pedali, alizitoa katika mashine ya kufulia nguo.

Tarehe 16 Julai 1993, huko Hamar, Norwe, Obree alijaribu kuivunja rekodi ya Moser juu ya baiskeli mpya aliyotengenezewa kwa kuiga ile yake. Akashindwa. Mwili uliofanya kazi kama ile kwa saa nzima hutaka siku nyingi za kupumzika. Yeye asubuhi iliyofuata alirudi kiwanjani na baiskeli yake ya kwanza, ile ya mashine ya kufulia, akapata kilomita 51.596. Wala hakuwa Mexico. Hamar iko karibu na usawa wa bahari. Mkao wake ulikuwa umempa kile ambacho Moser alikifuata ng'ambo ya Atlantiki.

Kabla ya juma kwisha, tarehe 23 Julai, Mwingereza Chris Boardman akaipita rekodi hiyo mjini Bordeaux. Obree akairudisha mwezi wa Aprili mwaka 1994. Ndipo wakubwa wa UCI walipoukataza mkao wake. Katika mashindano ya dunia ya mwaka huo huko Sisilia akaondolewa mbioni kwa sababu hakuacha kuutumia. Obree hakulia sana. Akavumbua mkao mwingine, mikono imenyooshwa mbele kabisa kama mtu arukaye angani, na kwa mkao huo akawa bingwa wa dunia mwaka 1995 nchini Kolombia. Boardman akauazima mkao ule ule, na tarehe 6 Septemba 1996 mjini Manchester akafikisha kilomita 56.375. Mkao huo nao ukakatazwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi angependa lifanyike katika maabara, nalo lilifanyika kiwanjani. Mwaka 2000 UCI iliamua kurudi nyuma. Ilitangaza ya kuwa rekodi zote zilizopatikana baada ya Merckx kwa vyombo vya kupunguza upepo zihesabiwe katika daftari jingine, na kwamba rekodi halisi ni ile ya Merckx, kilomita 49.431. Atakayeitaka aiendee kwa baiskeli ya aina ile: magurudumu ya spoki, usukani uliopinda, fremu ya mabomba ya kawaida. Boardman, aliyekuwa karibu kuacha mashindano, akakubali. Tarehe 27 Oktoba 2000, mjini Manchester tena, alipata kilomita 49.441. Alimshinda Merckx kwa mita 10.

Toa sasa hesabu. Mtu ni mmoja na mji ni mmoja. Mwaka 1996 alikwenda mita 56,375. Mwaka 2000 alikwenda mita 49,441. Tofauti ni mita 6,934. Kweli, miaka 4 ilikuwa imepita na mwili wake haukuwa ule wa zamani, lakini hapana mtu awezaye kuuwekea umri deni lote la karibu kilomita 7. Sehemu kubwa ilikuwa ya vyombo na ya mkao.

Basi UCI ilikuwa imefanya haki? Ilimnyang'anya Moser sahani zake, ikamnyang'anya Obree mikono yake iliyokunjwa, ikasema: sasa twampima mtu. Lakini ilimwachia Merckx hewa ya Mexico. Boardman alitakiwa kuishinda kwa baiskeli ya Merckx, katika hewa nzito ya Manchester, ambayo haiko mbali na usawa wa bahari. Mita 10 zile, kwa maoni yangu, ni zaidi ya mita 10. Nasi wa Gusii, ambao tumesikia Temu wetu akiambiwa ya kuwa alibebwa na kimo, twastahili kuuliza kwa nini kimo kilichomfaa mpanda baiskeli hakikuandikwa katika kanuni hiyo, hali kimo kilichomwumiza kila mkimbiaji wa mbio ndefu kilitajwa kila ushindi wa Mwafrika ulipotajwa.

Ugomvi wa mkao haujaisha hata katika siku zetu, na mmoja wa watu wake ni mzaliwa wa Kenya. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa kuendesha na David Kinjah katika vijia vya Kikuyu, akaiwakilisha Kenya kabla ya kuhamia upande wa Uingereza, na baadaye akashinda mbio za Ufaransa mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Tarehe 9 Julai 2016, katika mteremko wa mlima Peyresourde, aliteremka kutoka kwenye kiti akaketi juu ya bomba la fremu, kidevu karibu na usukani, naye akaendelea kukanyaga pedali. Wenzake hawakumpata tena. Alifika Bagnères-de-Luchon sekunde 13 mbele yao. Mkao wenyewe haukuwa mgeni kwa kijana yeyote aliyewahi kujikunja juu ya baiskeli ili ashuke kilima kwa kasi. Wataalamu waliopima mifano katika chumba cha upepo walisema baadaye ya kuwa haukuwa wa kasi kuliko yote. Huenda kilichowashinda wenzake zaidi ni kwamba hawakumtazamia. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 ni mwiko kuketi hivyo katika mashindano, na sababu iliyotolewa safari hii ni usalama. Hukumu hiyo naiunga mkono. Anayeketi hapo, akikutana na shimo au mbuzi barabarani, hana la kufanya.

Kanuni ya saa moja nayo ilibadilishwa tena mwaka 2014. Sasa magurudumu bapa yaruhusiwa, na vyuma vya kuegemeza viwiko vyaruhusiwa kwa vipimo vilivyowekwa. Tarehe 8 Oktoba 2022 Mwitaliano Filippo Ganna alikwenda kilomita 56.792 katika kiwanja cha Grenchen, Uswisi, akaipita hata ile ya Boardman iliyokuwa imewekwa katika daftari jingine. Lakini aliyekuwa na rekodi kabla ya majira hayo, Mbelgiji Victor Campenaerts, alikuwa amefunga safari ile ile ya Ritter, Merckx na Moser. Tarehe 16 Aprili 2019 aliendesha katika mji wa Aguascalientes, nchini Mexico, akapata kilomita 55.089. Mji huo uko katika kimo cha mita 1,900 hivi, na vilima vingi vya Nyamira vimefika au kupita kimo hicho. Kanuni zina vipimo vya kiti, vya usukani na vya magurudumu ya mpandaji kama yeye. Kuhusu hewa aliyoifuata huko hazina kipimo hata kimoja.